Samaki wa Bati Anayechechemea

Likizo ile nilijitangaza nyumbani kuwa mvuvi. Tunakaa Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu, na bahari yangu ilikuwa bwawa la kumwagilia. Dada yangu akacheka mpaka akakaa chini.

"Haya, mvuvi. Usipoleta kambare kabla ya Jumapili, vyombo ni vyako mpaka shule ifunguliwe. Ukileta, ni vyangu."

Nikakubali mbele ya mama, kwa hiyo pa kutorokea hapakuwepo.

Minyoo yangu yote iliishia kwa perege wadogo. Nikakata samaki wa bati kwenye kopo la maziwa, nikamfunga ndoano mkiani. Aling'aa kuliko viatu vyangu vya shule. Kila jioni nilimtupa katikati na kumvuta taratibu, mwendo mmoja, kama magari ya watalii yanayopanda kwenda geti la hifadhi. Kambare walikuja juu, wakavuta hewa, wakarudi chini. Hakuna aliyejisumbua.

Jumamosi rafiki yangu wa bweni alikaa ukingoni akinitazama. Ni Mmasai wa Kakesio, alikuja kula likizo kwetu, ila samaki hali. Anasema samaki ni nyoka aliyefeli.

"Oya, huyo wako ana afya sana."

"Ni bati, mwanangu."

"Sasa je! Fisi akija malishoni hahangaiki na ndama anayetembea vizuri. Anamfuata anayechechemea. Mfanye aumwe."

Nikamfanya aumwe. Nikavuta ghafla, nikaacha azame, nikamtikisa mara mbili, nikatulia. Maji yale ni tope tupu, kambare anawinda kwa kusikiliza na kupapasa kwa ndevu zake. Kitu kinachopita sawasawa kinaweza kuwa kijiti. Kinachoshtuka na kuyumba ni chakula kilichoshindwa kukimbia, na kikipata nafuu kitaondoka, kwa hiyo nafasi ya kufikiri hakuna.

Uzi ukavutwa hadi nikapiga magoti. Nilipomtupa kambare kwenye nyasi, kijana aliyezoea kufukuza fisi alikimbia mpaka kwenye vitunguu vya jirani.

Usiku ule mezani, kambare akiwa ameshapikwa, niliwafundisha wote. Niliinuka, nikaigiza samaki mgonjwa, nikaeleza fisi, ndama, ndevu, kila kitu. Dada alisikiliza kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Kisha akakusanya vyombo, kama tulivyokubaliana.

Akapiga hatua mbili, akasimama. Akashika kiuno. Akachechemea kidogo, beseni likayumba, akatulia, akachechemea tena.

"Mgongo wangu, jamani..."

Kabla sijawaza chochote nilishampokea beseni.

Dada akanyooka wima papo hapo. Rafiki yangu, aliyekuwa anakula maharage yake kwa amani, akapaliwa.

"Kambare huyo!" akapiga kelele. "Mwangalieni ndevu!"

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nikatoka nje na beseni, nikasugua sufuria lile la samaki mpaka likang'aa kama bati langu, huku nacheka peke yangu.

"Mvuvi," dada akaita kutoka ndani, "sabuni inatosha?"