Propela Niliyoitoa Kwenye Gari la Marehemu Kaka

Admin, usiweke jina wala picha, ukoo wetu wote uko humu na kuna shangazi hakosi posti. Nina miaka arobaini na moja, mke na watoto wanne, na kazi yangu ni kubeba mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa Rwamgasa, kupeleka kwenye karasha la kusagia. Sijaja kutafuta huruma. Atakayetukana atukane, ila asome mpaka mwisho.

Mimi na marehemu kaka yangu tulinunua pikapu mbili zinazofanana. Fundi mmoja wa Geita akazinyanyua na kuzifunga gia boksi za lori ili zipite kwenye tope. Gari likishanyanyuliwa hivyo, propela ya kawaida haifiki. Nazungumzia kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari kusukuma magurudumu ya nyuma. Fundi alichonga mbili za urefu mmoja, kisha akahama na sijui aliko.

Mvua za mwaka huu propela yangu ikakatika nikiwa na mzigo. Nilizunguka Katoro, Kahama, mpaka Mwanza. Za mtumba zote fupi. Ya kuchongesha upya, nilipotajiwa bei nilitaka kumwamkia muuza spea shikamoo, na ni mdogo wangu kwa mbali. Nikachomelea ile ya zamani, ikadumu siku mbili. Wenye matrekta wakaanza kunichukulia wateja huku wakinipa pole.

Nikakumbuka gari la kaka. Lilikuwa Samuye, nyumbani kwa baba, chini ya banda la mabati. Mjane wake, nimwite Mama Kulwa, alibaki pale akimtunza baba yetu, na kila Jumapili akitoka kanisani aliliwasha kidogo ili betri isife. Ningemwomba propela angenipa, najua. Lakini kumwomba mwanamke kitu cha kaka yangu mwenyewe niliona ni kujishusha. Nilienda siku yuko shambani kwenye pamba, baba amelala ndani, nikafungua bolti nikaondoka nayo. Hata baba sikumwamkia.

Wiki tatu baadaye baba akabanwa na pumzi. Njia zilikuwa tope tupu na kwenye bodaboda asingeweza kukaa. Mama Kulwa na majirani wakambeba mpaka kwenye gari. Akaliwasha, likanguruma. Akaingiza gia, likaendelea kunguruma palepale. Akanipigia simu.

"Shemeji, gari linawaka ila haliendi. Baba ana hali mbaya. Nifanyeje?"

Hapa mnielewe vizuri. Gari lile lina gia ndogo ya kuvuta magurudumu ya mbele, ambayo kaka hakuwahi kumfundisha. Ningemwelekeza, lingetembea bila hiyo propela ya nyuma. Yalikuwa maneno ya dakika moja. Lakini wangefika mjini, watu wangeuliza kwa nini linavuta mbele tu, wangechungulia chini, na mimi ningeitwa mwizi wa mali ya marehemu.

Nikamjibu, "Itakuwa klachi hiyo. Tafuteni mkokoteni."

Baba alikufa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kabla hawajafika lami.

Msibani baba mdogo akasimama mbele ya watu. "Gari linawaka, mafuta yamo, haliendi. Mliona wapi jambo hilo? Mume alimfia mikononi, sasa na mzee. Huyu ni nogi. Mnamfuga mchawi." Jirani mmoja akasema gari litazamwe kwanza. Wote wakanigeukia, kwa sababu ukoo mzima mimi ndiye mjuzi wa magari. Nikapiga goti kwenye tope, nikachungulia. Pale ilipokuwa propela palikuwa wazi kabisa. Nikasimama, nikajifuta mikono.

"Sioni ubovu," nikasema.

Mama Kulwa akanisogelea. "Shemeji, tazama tena."

"Nimeshatazama, Mayu," nikamjibu, kwa lile neno letu la heshima la kumwita mama.

Wazee wakakataza mtu yeyote kuligusa mpaka mganga aje kulisafisha, na Mama Kulwa wakamwamuru arudi kwao. Aliyeambiwa ampeleke ni mimi. Alikaa kiti cha mbele, mapacha wake nyuma na magodoro, na propela ya mumewe ikazunguka chini ya miguu yake njia nzima. Tulipofika akaniambia, "Asante shemeji. Wengine hata mkono hawakunipa." Nikamwambia asijali. Ndivyo nilivyomwambia, asijali.

Nilidhani yangeishia hapo, lakini neno lilimfuata hadi kwao. Wanawake hawachoti naye maji. Kulwa na Doto wanaitwa watoto wa mchawi shuleni. Juzi kaka yake amenipigia kwamba Mama Kulwa alirudi kutoka kisimani akakuta mlango wake umekatwakatwa kwa panga. Sisi wa huku tunajua mlango kama huo unamaanisha nini, na kwamba safari ya pili hawaji kwa ajili ya mlango.

Nikisema ukweli, ukoo utajua baba alikufa kwa sababu yangu, na ndio hao walionikabidhi boma lake. Nikinyamaza, watamuua. Naona aibu, sikatai. Ila woga wangu ni mkubwa kuliko aibu, na kila asubuhi nikiamka naukuta palepale.

Mwenye ushauri anishauri, niko tayari kusoma yote. Msiniambie tu nikairudishe propela kimyakimya, maana hilo nililiwaza nikachelewa. Ijumaa nikiwa na mzigo ilikatika vipande viwili, na gari langu limelala Rwamgasa mpaka leo. Kwa hiyo kama kuna anayejua inakopatikana propela ndefu, ya gari lililonyanyuliwa, kwa bei ya mtu mnyonge, naye aandike hapo chini.