Wanaoafiki Wasimame

Juu ya mlango wa nyumba yetu palikuwa na ubao ulioandikwa "Nyumba ya Wasiojiweza", na mimi nilikuwa mmoja wao. Miguu yangu ilikufa kwa homa nikiwa bado mtoto wa mgongoni, huko Kanazi, na tangu hapo nimetembea kwa mikono, viganja nimevivisha makatambuga ya matairi. Jina lile sikulipenda. Sare za shule karibu zote za vijiji vile zilitoka kwenye cherehani yangu ya mkono. Wazazi waliokuja kuzichukua walipita chini ya ubao ule wakinisikitikia, kisha wakaniomba nipunguze bei.

Wamisionari walioijenga nyumba walipoondoka, waliiacha chini ya bodi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Pamoja naye walikuwamo katekista, mganga wa zahanati, katibu wa Chama, na mzee mmoja wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga. Wote walikuwa watu wazima wenye miguu yao. Siasa ya ujamaa ilipokolea, likaja agizo kwamba kila kamati iwe na mtu mmoja kati ya wale inaowasimamia. Wakanichagua mimi, kwa kuwa nilijua kusoma na sikuwa na tabia ya kulia mbele za watu.

Mwenyekiti hakupenda kura ya mikono. Alisema mkono unaweza kuinuka wenyewe bila moyo kujua, lakini mtu akisimama, amesimama. Kwa hiyo kila hoja ilipofika mwisho alisema, "Wanaoafiki wasimame," na mabenchi yakalia. Kikao changu cha kwanza niliinua mkono. Akatabasamu, akasema, "Ndugu yetu tunamhesabu amesimama." Wakacheka kwa wema, nami nikacheka. Tangu siku hiyo nilihesabiwa nimesimama katika kila jambo. Kuchimba kisima nilisimama. Kulima shamba la muhogo nilisimama. Sikuona ubaya, maana hata mimi nilivitaka kisima na muhogo.

Katika nyumba ile nilikuwa na mwenzangu, dada wa Mabawe, mrefu, mwenye nguvu za kulima mpaka jua likachoka. Yeye alikuwa na kifafa. Alikuja kwetu mkono wa kushoto umeungua, vidole vimeshikana, kwa sababu nyumbani kwao alianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kumgusa. Watu wa kwetu waliamini, na wapo wanaoamini hadi leo, kwamba ukiguswa na lile povu nawe utaanguka. Mimi nililifuta kwa kanga yangu miaka yote na sijaanguka, ila hilo halina anayeniuliza.

Alinibeba mgongoni kwenda shambani na kwenda chooni, na njia nzima alinitania kwamba nazidi kunenepa kwa muhogo wa serikali. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsikiliza. Kabla ya kuanguka alinyamaza katikati ya neno. Nikisikia ukimya ule naacha cherehani, namwahi, namlaza ubavu, naweka kanga chini ya kichwa, basi. Baadaye anaamka, ananiuliza kama amesema upuuzi. Namjibu kwamba hakuzidisha kuliko siku zote.

Mwenzangu hakuruhusiwa kukaa jikoni. Hoja hiyo niliipeleka mimi kwenye bodi: asiwashe moto, asipike, asiachwe peke yake penye jiko. Mganga aliiunga mkono, na wote wakasimama. Siku ile niliipenda bodi ile kama ndugu zangu wa damu.

Kisha vita vikaja. Huku kwetu mabomu hatukuyasikia, bali tuliona malori yakipita Lusahunga yamejaa askari wakiimba, na watu wa kaskazini wakishuka na vitanda vichwani. Kila kijiji kilitoa. Kimoja kilitoa maharage, kingine vijana wa mgambo, na mzee wetu wa ng'ombe alitoa madume yaliyomtoa machozi, akasema ni vumbi. Kwenye mkutano wa kata mtu mmoja akamuuliza mwenyekiti wetu, "Na ninyi wa wasiojiweza, mmetoa nini?" Watu wakacheka. Mwalimu mkuu mzima, aliyewafundisha nusu yao kusoma, akaketi huku wakicheka.

Naamini yote yaliyofuata yalizaliwa na kicheko kile. Aliitisha kikao, akatuambia tunacho kitu kikubwa cha kutoa, nacho ni nyumba yenyewe. Wakaaji warudi kwa ndugu zao mpaka ushindi, vitanda vitandikwe kwa ajili ya majeruhi. Hakuna mwanajeshi aliyekuwa ameiomba. Katibu wa Chama alisema haiombwi, inatolewa, ndiyo maana yake. Mganga alitazama kucha zake.

Niliomba kusema. Nikawauliza nani atamwangalia mwenzangu penye moto huko Mabawe. Katekista akasema Mungu na ndugu zake. Nikasema ndugu zake ndio waliomwacha aungue. Mwenyekiti akasema, bila ukali, kwamba kila mtu ana wake huko vitani, mstari wa mbele, na kwamba hoja imeeleweka.

"Wanaoafiki wasimame."

Mabenchi yakalia. Akawataja mmoja mmoja, mwisho akasema, "Na ndugu yetu."

"Mwenyekiti," nikasema, "leo nimekaa."

Walidhani natania. Mzee wa ng'ombe alicheka kidogo, halafu akaacha. Mwenyekiti akaniambia kwa sauti ile ya kumtuliza mtoto, "Ndugu mjumbe, nchi iko vitani. Leo hakuna aliyekaa."

Nikatafuta namna ya kuwaonyesha. Mtu mwenye miguu anayekataa hubaki kwenye benchi na wote wanamwona. Mimi kwenye benchi ndiko kusimama kwangu. Basi nikajishusha. Nikateremka kwa mikono mpaka sakafuni, nikakaa pale kwenye saruji katikati ya miguu yao, nikamwangalia mwenyekiti usoni. Katekista, mtu mwema, akaharakisha kwenda kunifungulia mlango. Alidhani nimebanwa na haja.

Azimio likapita kwa kauli moja.

Kabla ya kutawanyika niliagizwa nipinde mashuka ya majeruhi, nikayapinda na kuyakunja. Kaka yake mwenzangu alikuja na baiskeli kumchukua. "Shikamoo, dada," aliniambia, na nilipomaliza kumwagiza habari ya moto akajibu kwamba amesikia. Hakuwa mtu mbaya. Mwenzangu alipanda kwenye karia akinicheka kwamba sasa nitajifunza kujibeba mwenyewe. Walipopinda njiani aliinua ule mkono ulioungua, akanipungia.

Mimi nilipelekwa kwa shangazi yangu Lusahunga, nikawa nashona barazani. Malori ya askari yalipita, na askari walinitupia maneno ya utani nami nikawarudishia, kwa kuwa walikuwa vijana na wengi wao walikuwa wanaogopa. Kila gari lililotoka upande wa Ngara nilimuuliza utingo kama amesikia lolote la Mabawe. Wananijibu Mabawe ni kubwa, mama.

Aliyeleta habari ni kaka yake mwenyewe. Alishuka kwenye lori, akakaa chini pembeni ya cherehani, asiniamkie. Nikajua.

"Mke wangu alikuwa shambani," alisema. "Mimi nilikuwa zamu ya mgambo. Alibaki yeye nyumbani. Akataka kutupikia, dada. Hakutumwa na mtu."

"Majirani je?"

"Walikuja. Walisimama mlangoni."

"Wakafanya nini?"

"Walisubiri kifafa kipite."

Alifunua mfuko, akatoa kanga yangu ambayo mwenzangu aliondoka nayo. Nilimtukana yule kaka mpaka shangazi akatoka ndani. Alikaa pale akipokea, na nilipoishiwa matusi tulilia wote wawili, mchana kweupe, watu wa malori wakinunua ndizi mbele yetu.

Vita vilipokwisha tuliitwa turudi. Nyumba ilikuwa vilevile. Hakuna majeruhi aliyelala humo hata mmoja. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, mashuka yangu yakiwa na mikunjo ile ile niliyoyaachia, ila panya walikuwa wamezalia kwenye mito. Mganga alisema majeruhi walipelekwa kwingine. Hakusema ni lini alijua.

Kikao cha kwanza nilikataa kupandishwa kwenye benchi. Nilikaa sakafuni karibu na mlango, kanga ile nimejifunga. Mwenyekiti alisoma majina ya vijana wa mgambo ambao hawakurudi, na la mwenzangu halikuwamo. Nikalitaja mimi. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, na nikaona jinsi alivyozeeka. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye nadhani siku ile alianza kuwajua, na sikumwonea huruma.

Lakini ajenda ilikuwa imeandaliwa. Hoja ya kwanza ilikuwa kuipongeza bodi kwa kuitoa nyumba wakati wa vita. Akaisoma kwa sauti ndogo.

"Wanaoafiki wasimame."

Mabenchi yakalia, taratibu kuliko zamani. Akawataja mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinitazama pale chini. Akaniruka.

Hivyo ndivyo nilivyohesabiwa nimekaa, kwa mara ya kwanza. Kaburi la mwenzangu huko Mabawe lilikuwa limekwisha kuota majani.