Daktari Asiyeamini Kiti

Daktari wa moyo hakai kwenye kiti kabla ya kukibonyeza mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayenunua godoro. Chai huionja kwa ncha ya kijiko, na hata mzaha wa wenzake huuchunguza kwanza ndipo aucheke. Muuguzi wake, mwenye subira ya kuku mbele ya mtama, humwita kichinichini Bwana Ngoja-Kwanza.

Leo mezani amelala bibi ambaye moyo wake hukurupuka kama mbuzi aliyekata kamba. Mrija mwembamba umepita mshipani hadi moyoni, na ncha yake hutoa baridi kali ya kugandisha pale fujo inapoanzia. "Baridi ya kuonja tu," daktari anasema, maana kilichopozwa kidogo hurudi, kilichogandishwa hakirudi. Fujo inatulia. "Tumalize basi, daktari!" muuguzi anasihi. "Ngoja kwanza." Mara mapigo yanaanza kuchechemea kwenye skrini: baridi imegusa njia ya mapigo isiyo na kosa. "Pasha joto, haraka!" Mapigo yanarudi. Anausogeza mrija kiasi cha unywele, anaonja tena, anangoja tena, ndipo anagandisha kabisa. Moyo unadunda taratibu, kama mchi wa mtu asiye na haraka.

Daktari anavua glavu na kujibwaga kitini bila kubonyeza chochote. Kiti hakipo. Puu! Bibi, aliyekuwa macho muda wote, anageuza shingo kumtazama pale sakafuni.

"Pole, mwanangu," anasema. "Kumbe hali yangu ilikuwa mbaya kiasi hicho?"