Mwalimu wa Mama Yangu

Harufu ya klorini ikinipata mahali popote, hata kwenye bomba la mjini lililotoka kutiwa dawa, hunirudisha nyumbani kwetu Kagerankanda, nina miaka tisa, na mama anaingia mlangoni akitokea kambini. Viganja vyake vilikuwa vimepauka na kukunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni. Alinishika shavu, nami niligeuza uso. Nilijua ameshinda na nani.

Wakimbizi wa Kongo walipofika, kambi ilihitaji watu wa kazi, na mama akapata kazi ya usafi katika wodi ya wazazi. Hakujua kusoma. Msomaji wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Barua za baba kutoka mashamba ya tumbaku Urambo nilizisoma mimi, kadi ya kliniki ya mdogo wangu mimi, hata karatasi iliyofungiwa dagaa mama aliniletea nimwambie inasema nini. Nakiri, nilijiona mkubwa.

Kisha akaja huyo Mama Furaha, mkunga mkimbizi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Saa zile za kusubiri wazazi wenye uchungu alimfundisha mama herufi, kwa vibandiko vya chupa na maandishi ya ndoo. Jioni mama alisonga ugali huku akisimulia. Mama Furaha amesema hivi, Mama Furaha ameniambia, "Weye uko na kichwa muzuri." Kila siku tulikula ugali wa muhogo, maharage na Mama Furaha. Mimi, wa kwanza darasa la tatu, sikuombwa hata irabu moja.

Siku moja, jua likiwa bado halijaiacha migomba, mama aliketi nje na daftari lake. Alikuwa amenakili maandishi ya ndoo mbili za wodini: moja ya maji ya kunywa, nyingine ya maji ya dawa ya kufutia sakafu. Ndoo za zamani alizitambua kwa rangi. Hizi mpya zote zilikuwa za buluu. Akaweka kidole.

"Yusta, mwana wanje," akaniita kwa Kiha, yaani mwanangu, "hili ni kunywa?"

Lilikuwa kunywa. Alikuwa amelipata. Nikaona jinsi atakavyolipeleka kesho kwa mwalimu wake, na jinsi atakavyosifiwa.

"Hapana," nikasema. "Hilo ni dawa."

Akachukua penseli, akaweka alama yake pembeni mwa neno. Aliniamini kuliko alivyoyaamini macho yake.

Kesho yake alichelewa kurudi. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, akimenya muhogo. Mwanamke mmoja aliyejifungua alfajiri aliomba maji, naye akamchotea kikombe kutoka ndoo ile nyingine. Wodi nzima ilinuka dawa, hivyo pua haikumsaidia. Mama Furaha alikidaka kikombe kikiwa kimeshafika mdomoni, na yule mzazi hakumeza. Lakini msimamizi alikuwa amesimama pale pale. Mama akaondolewa wodini, akapelekwa kufua mashuka.

"Lile neno lilikuwa kunywa," akasema.

Akachukua muhogo mwingine.

"Nimewaambia nilisahau mwenyewe. Mama Furaha aliuliza ni nani aliyenisomea. Sikumjibu."

Nilingoja fimbo. Haikuja, aliendelea kumenya. Nikaanza kulia, na katika kulia nikamuuliza kwa nini hakuniomba mimi nimfundishe, mimi niliyekuwa naye nyumbani.

"Ungenifundisha," akasema. "Halafu ungewasimulia."

Sikuelewa. Niliona ananionea.

Mama Furaha akawa anamfuata kwenye karo la kufulia wakati wa mapumziko, na masomo yakaendelea. Kabla ya Krismasi barua ya baba ilifika, mama akaisoma mwenyewe, kimya, midomo ikicheza. Akaikunja, akaitia kifuani. Sikuambiwa ilisema nini, na wivu ukaniuma upya.

Nilikuwa nimeshazaa watoto wawili ndipo jambo moja likanirudia nikiwa naosha vyombo. Kabla kambi haijafunguliwa, mama alishika kitabu cha nyimbo kanisani juu chini. Niliwasimulia wenzangu kisimani, tukacheka mpaka machozi, na mama zao walikuwapo, wakacheka pia. Hakuwahi kunitajia. Miaka yote ile nilidhani Mama Furaha aliniibia mama yangu. Kumbe ni mimi niliyempeleka kwake.