Dhahabu Niliyomwonyesha Mama

Tangu kaka yangu afukiwe na shimo la machimbo, dhahabu haikuingia tena nyumbani kwetu. Mama alivua pete yake ya ndoa siku ileile. Mwili haukupatikana. Kule Nyangezi, nyumbani kwa babu, tulizika shina la mgomba mahali pake, kama wazee wanavyofanya mtu asiporudi, na mama mwenyewe ndiye aliyelilaza kaburini, limefunikwa shati la kanisani la mwanawe.

Kisha mimi, kitinda mimba wake, nikaenda Ulaya kufanya doctorat, shahada ya uzamivu, juu ya dhahabu. Sikukusudia kumuumiza. Nilipata nafasi katika maabara inayochunguza mwanga, na maabara ile hutumia dhahabu, basi. Nilipomweleza kwa simu aliuliza tu kama huko kuna baridi. Tangu hapo hakuigusa kazi yangu hata kwa neno moja.

Majirani ndio waliouliza. Niliporudi likizo walijaa sebuleni, macho yakitafuta mzigo wa dhahabu, wakaishia kunywa chai. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Mtu pekee niliyetaka anielewe alikuwa jikoni, akiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Zilikuwa zimebaki siku chache nirudi kumaliza thèse, tasnifu yangu, na sikutaka kuondoka hivyo. Asubuhi moja alipotoka misa nilimwomba akae nami barazani. Nilikuwa na vipande viwili vya plastiki ya rangi ya moshi, vilivyobanduliwa kwenye skrini za simu mbovu kwa mafundi wa Nyawera. Nilimwambia kwamba mwanga hutikisika ukisafiri, kama kamba ya watoto wanaoruka: juu na chini, kushoto na kulia, kila upande. Plastiki hii ni kama ukuta wetu wa mbao. Mtikisiko unaolingana na mwanya hupita, mwingine hubaki nje.

Nikapishanisha vipande vile mbele ya uso wake, na anga lote likazimika ndani yavyo. Kisha nikachomeka katikati kioo changu kidogo nilichotoka nacho maabara. Palepale kwenye giza pakatokea doa jekundu, kama punje ya mtama. Nikamweleza kwamba mahali pale pamepangwa vijiti vya dhahabu, safu kwa safu, vidogo kuliko chochote ambacho jicho linaweza kuona, na kwamba umbo lavyo na mpangilio wavyo ndivyo vinavyougeuza mtikisiko wa mwanga, ukapita pale ulipokuwa umezuiwa.

Alivipokea vyote mikononi mwake, akaangalia tena na tena. Nilifurahi, nakiri, nikadhani tumepatana.

"Dhahabu yenyewe iko wapi? Mi naona mwangaza tu."

"Iko kidogo sana, maman. Ile pete yako ingetosha labo yetu mpaka nizeeke."

Akashusha kioo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi dada nilikuwa najua nusu tu.

"Kama kidogo hivi inawatosha," akasema, "mutoto yangu alishuka mule mu shimo kutafuta ya nani?"

Majibu nilikuwa nayo. Ningeweza kumtajia vidani, mabenki, wanunuzi wa ng'ambo, wenye bunduki barabarani. Yote ni kweli, na hakuna hata moja ambalo ningethubutu kumwambia mama aliyezika mgomba. Nikalia. Yeye hakulia. Alikifuta kioo kwa ncha ya kitenge, polepole, akakirudisha ndani ya kikasha chake, akanishika mkono.

"Ukifika kule uwaambie. Kidogo inatosha."

Nilimwitikia ndiyo, maman. Thèse nimeimaliza, na kazi ninayo, huko huko kwenye mwanga na dhahabu. Mpaka leo sijajua wa kumwambia ni nani.