Wakili wa Juu ya Duka la Rangi

Siku Tingatinga alipomvunja dada yake mkono, alianza na mlango. Aliupiga teke, bawaba zikang'oka, ubao ukaangukia ndani ya sebule naye akaingia juu yake kama mtu anayepanda jukwaani. Dada alikuwa anaepua sufuria ya maji yanayochemka. Angeweza kummwagia usoni. Aliitua chini polepole, mbali na miguu yake.

"Umenivua nguo mbele ya wakili," Tingatinga alisema. "Mbele ya rafiki yangu!"

"Yule wakili si wangu."

Hakumaliza. Mdogo wake aliukamata mkono wake wa kulia, akaukunja nyuma, kisha akaupigiza kwenye fremu tupu ya mlango. Akaupigiza tena. Majirani tulisikia mlio wenyewe, mkavu kabisa, kabla hatujasikia kilio.

Mtaani dada huyo tulimwita Mama Soli. Hakujaliwa mtoto, kwa hiyo tulisema kwa utani kwamba kifungua mimba wake ni soli ya kiatu. Alikuwa fundi viatu, mwanamke pekee katika kazi hiyo pale kwetu. Alikaa barazani mwa nyumba ya marehemu mama yao, amevaa aproni ya turubai, shazia ya kushonea ngozi mkononi, misumari midogo imejipanga midomoni, na bado alikuwa anaweza kukusema vibaya bila kumeza hata mmoja. "Kiatu hiki umekivaa au umekitafuna?" angekuuliza, na ungecheka huku unaona aibu.

Nyumba ile mama yao alimwandikisha yeye akiwa bado hai, na hati ikatoka kwa jina lake, kwa sababu ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani hadi mwisho. Tingatinga naye hakuachwa mikono mitupu. Alipewa gari dogo la mizigo. Alilinywa lote, tairi hadi honi. Lilipoisha akarudi, akavunja kufuli la chumba cha uani, akaingia kukaa, na tangu hapo dada yake alikuwa hapigi nyundo peke yake katika nyumba ile. Tingatinga alimpiga akiwa amelewa, akampiga akiwa mzima. Safari moja alimpiga kwa redio aliyokuwa anaisikiliza, akamwachia kovu juu ya nyusi.

Mama Soli aliamua kuuza aondoke. Tingatinga alifurahi kusikia hivyo. Alikuwa na mnunuzi tayari, rafiki yake wa baa, na alikuwa na wakili tayari, mtu wa mjini mwenye ofisi ya viyoyozi na viti vya ngozi. Alimpeleka dada yake huko asubuhi moja. Wakili aliwasalimia, kisha maneno yote yaliyofuata akayaelekeza kwa Tingatinga. Mwishoni akasukuma karatasi mbele ya Mama Soli na kumwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi.

"Samahani, baba," Mama Soli aliuliza. "Wewe ni wakili wa nani hapa?"

"Wa wote, mama. Wa mnunuzi, wako, wa ndugu yako. Hii ni shughuli ya kifamilia, tusiifanye ngumu."

"Na nikidanganywa, nitakuja kulalamika kwa nani? Kwako wewe huyo huyo?"

Wakili alicheka. Rafiki wa baa hakucheka. Mama Soli aliinuka, akachukua mkoba wake akatoka. Ndani ya lifti mdogo wake alimkaba shingo hadi milango ilipofunguka chini, akamwachia kwa sababu kulikuwa na watu. Mchana ule ule ndipo alipovunja mlango, kisha mkono.

Hospitalini walimfunga plasta hadi kiwiko. Polisi walimsikiliza, wakamwambia mambo ya ndugu huisha nyumbani. Akarudi barazani kwake akawa anafanya kazi kwa mkono wa kushoto, akikibana kiatu katikati ya magoti. Kila mteja aliyekaa kwenye benchi alimuuliza swali moja: "Wewe ulipouza nyumba, au ulipokata kiwanja, wakili wako alikuwa nani? Alipokea simu mwenyewe?" Mmoja alimsifia wakili wa bei rahisi, na Mama Soli alipochimba zaidi, ikajulikana kuwa ni shemeji wa rafiki wa baa. Mwingine alimtajia mmoja hodari sana ambaye hakuwahi kuonekana, kazi zote zilifanywa na karani. Watatu wakamtaja mwanamke wa juu ya duka la rangi, hatua chache kutoka pale. "Hana maneno matamu," walimwambia. "Ila kazi yake anaitembelea kwa miguu yake."

Alipanda ngazi zinazonuka rangi na tapentaini. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, meza mbili, na mlango wa kioo uliopasuka pembeni ukabandikwa utepe. Wakili alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani minene, sauti ya mtu aliyekosa usingizi. Hakuuliza habari za nyumba kwanza.

"Nani amekuvunja huo mkono?"

"Nilianguka, wakili."

"Mama, nimekuuliza nani."

"Mdogo wangu. Wa tumbo moja."

"Anakaa humo ndani?"

"Chumba cha uani. Kwa nguvu tu."

"Basi hilo mnunuzi lazima aambiwe mapema. Hatuuzi nyumba halafu tumwachie mtu wa watu balaa ndani." Wakili alivua miwani akaifuta kwa upindo wa shati. "Nisikilize. Nitakuwa wakili wako peke yako. Mnunuzi atatafuta wa kwake, na kama akija kwangu nitamfukuza. Faili lako nitalishika mimi mwenyewe. Nyumba nitakuja kuiona, na majirani nitawahoji. Kuharakisha, siharakishi. Na kukulinda na huyo mdogo wako, siwezi kukuahidi. Nitajaribu."

Mama Soli aliniambia baadaye kwamba maneno ya mwisho ndiyo yaliyomfanya amchague. Alikuwa amechoka kuahidiwa.

Wakili alikuja kweli. Alikuwa uani akilinganisha mipaka na ramani Tingatinga alipotokea, kifua wazi. Hakuuliza yeye ni nani. Alimnasa kofi lililorusha miwani mpaka kwenye karo la kufulia nguo, kisha akamshika ukosi wa shati akamburuta hadi barabarani na kumtupa kama gunia. Tulitoka watu wengi. Sikujivunia nafsi yangu siku ile, maana tulisimama tu. Wakili aliinuka, damu ikimtoka puani, akarudi uani kwa kupitia kwa jirani, akaitafuta miwani yake kwenye maji ya sabuni, akaivaa na kioo chake kimoja, akamaliza kuangalia mpaka wa nyuma. Halafu akaenda polisi, na safari hii hawakumwambia mambo ya ndugu. Walimkamata Tingatinga, akapewa dhamana, akatoka na hasira maradufu.

Mnunuzi alipatikana, muuguzi wa kiume mpole aliyekuja na wakili wake mwenyewe. Aliambiwa kila kitu kuhusu chumba cha uani, na bado akaitaka nyumba. Siku ya kutia sahihi wakili wa Mama Soli aliipanga mchana, watu wakiwa tele mitaani, na akawaomba polisi wawepo. Polisi walisema watakuja.

Mama Soli alitoka kazini moja kwa moja hadi juu ya duka la rangi, aproni bado kiunoni. Kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, alikuwa atumie dole gumba la kushoto. Alikuwa ameshalipaka wino, limening'inia juu ya karatasi, ngazi zilipoanza kutikisika.

Tingatinga aliingia na mtaimbo. Mlango wa kioo ulimwagika chini wote kwa pigo moja. Wakili wa mnunuzi alijitupa chini ya meza. Wakili wetu alisimama, akanyoosha mikono mbele akisema, "Baba, tulia, weka chini," na mtaimbo ukamshukia kwenye taya. Alianguka bila sauti. Meno yake yalisikika yakigonga sakafu. Tingatinga akaunyanyua mtaimbo mara ya pili juu ya kichwa cha mtu aliyelala.

Mfukoni mwa aproni ya fundi viatu mnakaa kisu cha kukatia ngozi, kifupi, kilichonolewa hadi kikawa chembamba kama jani. Mama Soli hakukumbuka kukitoa. Alikumbuka tu alipokiona kimezama pajani mwa mdogo wake hadi mpini, na mkono wa kushoto, wake mwenyewe, ukikivuta.

Damu haikutiririka. Iliruka. Ilipiga ukuta, ikapiga karatasi, ikampiga yeye usoni, ya moto. Tingatinga aliangusha mtaimbo, akaketi chini kwenye vioo kama mtoto aliyekatazwa kitu.

"Dada," alisema. "Dada, nakufa."

Muuguzi ndiye aliyepata akili kwanza. Alivua mkanda wake akaufunga juu ya jeraha, akapaza sauti, "Mama, gandamiza hapa! Kwa nguvu zote!" Mama Soli alipiga magoti kwenye vioo, akaweka plasta yake nzito juu ya paja la mdogo wake akalilalia. Maumivu ya mfupa uliovunjika yalimfanya apige mayowe, lakini hakuinuka. Mkono ule ule Tingatinga alioukunja nyuma ukamzuilia roho isitoke. Alikuwa amemshika kisogoni kwa mkono wa kushoto, anamtukana, matusi mazito ambayo hatukujua anayajua, analia na kumwambia, "Usilale! Shenzi wewe, ukilala nitakumaliza!"

Polisi walifika baada ya gari la wagonjwa. Walimfunga pingu Mama Soli kwenye mkono mmoja, wakakosa pa kufunga wa pili.

Akalala rumande. Wakili alifungwa taya kwa nyaya, hakuweza kusema, lakini mtu wa kwanza kumtembelea Mama Soli alikuwa mwanamume mrefu asiyemjua. "Nimetumwa na wakili wako," alisema. "Ameandika kwenye kipande cha boksi la dawa kwamba yeye ni wa nyumba, si wa jinai, na kwamba usimruhusu wakili yeyote wa nyumba akutetee. Mimi jinai ndiyo kazi yangu."

Ilikuwa kazi yake kweli. Muuguzi alitoa ushahidi, na wakili wa mnunuzi alieleza yote aliyoyaona akiwa chini ya meza. Mahakama ilisema Mama Soli alichoma kisu kuokoa maisha ya wakili, ikamwachia. Tingatinga akahukumiwa kifungo kirefu. Karatasi zilizolowa damu ziliandaliwa upya, na wakili, ambaye taya lake halikurudi sawasawa na mpaka leo maneno yake yana mluzi, alimshikia Mama Soli kidole mwenyewe.

Mama Soli alinunua chumba kimoja chenye fremu ya duka upande wa pili wa mji. Wakili alikikagua hicho nacho kwa miguu yake, na safari hiyo hakupigwa na mtu.

Nilikwenda kumwona huko. Kiganja chake cha kulia hakifungi vizuri tena, shazia humponyoka. Nilimkuta anashona kiatu cha ajabu, kirefu, ngozi ngumu mpaka juu ya kifundo na kamba mbele ya kuinua vidole. Kisu kilikata mshipa wa fahamu, akaniambia, na unyayo wa mdogo wake sasa unaburuta.

"Utampelekea?"

"Nilipeleka kingine mwezi uliopita. Alinirushia. Kilinipata hapa." Akanionyesha shavu, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Kilikuwa kinabana. Niliona mwenyewe kinabana."

Akaweka misumari midomoni akaendelea kugonga.