Baba Mkwe Mtarajiwa Nimemwandika Mkaazi wa Colorado

Mhariri, jina langu lifiche chini kabisa, maana sisi Wapwani wa Twin Cities, huku Minnesota, tunatambuana hata kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na nne, mzaliwa wa Mombasa, nimekuja huku kwa visa ya shule. Shule naenda, ila hatujazoeana. Lakini Kiingereza changu, wallahi, nikianza kukimwaga hata Mzungu anatafuta pa kukaa. Hicho Kiingereza ndicho kimeniponza.

Nampenda msichana, nimwite Salma. Babake, nimwite Mzee Faraji, ana bucha ya halali pale mtaa wa Frogtown, na mimi ndiye namkatia nyama baada ya masomo. Miaka miwili sasa mzee ananiona mhuni tu. Sasa kuna mteja wetu, Mmarekani wa Anoka, nimwite Dale, huja kuchukua mbuzi. Siku moja akamsimulia mzee kwamba kila vuli yeye hupanda milima ya Colorado kuwinda elki. Elki ni kama kulungu, lakini mwili ni wa farasi na pembe utadhani kabeba mti kichwani. Tena anawinda kwenye ardhi ya umma, humwombi mwenye shamba ruhusa.

Mzee akashikwa na wazimu. "Nikimpiga kwa bismillahi, nikamuwahi na kisu, si halali hiyo?" Tangu siku ile akawa anafanya mazoezi na mti wa ufagio nyuma ya friza. "Bismillahi, pwaa!" Wateja wakawa wanainama. Akaenda hata darasa la usalama wa bunduki Roseville, akakaa na watoto wa Kizungu wasioota ndevu, akafaulu.

Dale akatuletea karatasi za kuombea tag, yaani kibali cha mnyama mmoja. Akatueleza kwamba sehemu nzuri huzipati kwa kununua tu, unatuma maombi yanachezeshwa kama bahati nasibu. Resident wana fungu lao kubwa na bei nafuu, non-resident wana fungu dogo na bei ya kukutoa machozi. Akaondoka. Mimi nikakunja mikono ya shati. Mambo ya karatasi ya Marekani, niulizeni mimi.

Nikamsomea mzee, "Hapa wanauliza wewe ni resident ama non-resident. Yaani mkaazi au mgeni."

"Mgeni nani?" mzee akaruka. "Mimi nina green card! Mgeni ni wewe na visa yako ya shule."

"Haya basi, mkaazi. Wanauliza umekaa muda gani kwenye State."

"States? Andika miaka kumi na moja. Na uandike kwa herufi kubwa."

Nikaandika. Mzee akatia sahihi kama rais, nikapeleka posta. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, aliniita "mwanangu" mbele ya watu. Akamwambia kila aliyekuja kununua maini, "Kijana huyu ana akili, kanipatia bei ya wenyewe!" Na mimi nikavimba. Salma akanitazama, akasema, "You? Really?" Nikamwambia, "Mama, mimi ni profesa, sema sijapewa ofisi."

Wiki iliyofuata Dale akaja. Nikamtambia vile nilivyomwandika mzee resident. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akaona mimi sicheki naye, akaiokota. Akaniambia taratibu kwamba resident si mwenye green card, ni mtu anayeishi Colorado. State ni jimbo lile la Colorado, si Marekani nzima. Hata yeye, na babu zake wote waliozikwa Anoka, hapahapa Minnesota, kule ni non-resident!

"Wataitupa tu," nikasema.

"Labda wataitupa. Labda watauliza. Kwenye karatasi ile mtu ametia sahihi kwamba anasema kweli." Akaniambia ifutwe kwa barua kabla maombi hayajafungwa, mwisho wa mwezi huu, na kwamba kuna tag nyingine zinauzwa dukani kulekule, bila bahati nasibu, hata kwa non-resident. Lakini barua ya kufuta lazima itiwe sahihi na mzee mwenyewe.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Mzee ana mahojiano ya uraia mwezi ujao. Juzi nilikuwa kwao nakunywa chai, Salma anamhoji babake amzoeshe maswali. "Baba, umewahi kuidanganya serikali kwa maandishi?" Mzee akapiga kifua. "Never! Hata ya Kenya!" Chai ikanipalia, mzee mwenyewe akanipiga mgongo. "Pole, mwanangu. Kunywa polepole, hakuna anayekufukuza."

Kisha akashusha sauti. "Jumapili lete wazee wako wa huku. Tuongee habari yako na Salma."

Posa, jamani! Niliyoisubiri miaka miwili. Tangu hapo naanza mbuzi wa mtu mmoja namaliza kwa mwingine. Jana nimemuuzia mama mmoja wa Kisomali kichwa badala ya paja. Natembea University Avenue na theluji yote ile, nafika kwenye mlango wa bucha, nageuka.

Nikimwambia leo, Jumapili hakuna posa, na nitarudi kuwa mhuni wa visa. Nikingoja baada ya posa, nitakuwa nimemchukua binti kwa uongo, na siku ya kufuta ikipita, mzee ataketi mbele ya ofisa wa uraia na karatasi ile iko Colorado inamsubiri. Salma hajui lolote. Dale anasema akija Jumamosi na bado nimefunga mdomo, atamwambia mzee mwenyewe.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu, hasa wenye mabinti: kijana akikujia na habari kama hii siku chache kabla ya posa, utamsikiliza mpaka mwisho, au utamfukuza na kile kisu cha bucha? Nishaurini. Nina muda mpaka Jumamosi tu, na haya siwezi kumwambia mzee kwa Kiingereza.